Mba, kuwashwa kichwa na nywele kunyonyoka: tibu ngozi kwanza

Unywele ukishatokeza juu ya ngozi ni kitu kilichokwisha kufa. Hauna damu, hauna neva, na hakuna kopo la "chakula cha nywele" litakaloufufua. Kilicho hai ni ngozi iliyoushika na kitundu ulimoota. Ndiyo maana mtu anamaliza kopo baada ya kopo la mafuta na bado anaamka na unga begani. Mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: kwanza kujua kinachowasha, kisha kukitibu kwa dawa inayokihusu, halafu ndipo tuje kwenye nywele. Ukianzia kwenye nywele utazunguka palepale mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: kagua kichwa kabla ya kununua chochote

Acha mafuta na jeli kwa siku mbili. Mafuta hulaza magamba, kichwa kikaonekana kizima ilhali tatizo liko palepale. Kama umesuka, fumua. Andaa chanuo lenye mkia, karatasi nyeupe, kitambaa cheusi, na mtu wa kukuangalia utosini na kisogoni. Asipopatikana, kamera ya simu itatosha. Kaa karibu na dirisha mchana, maana taa ya dari huficha mengi. Tenga nywele kwa mistari ya sentimita mbili mbili kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na piga picha kila panapokutia shaka. Picha hizo zihifadhi pamoja na tarehe zake.

Kisha soma unachokiona.

Magamba yenye mafuta, meupe au ya manjano hafifu, yaliyotapakaa kichwa kizima bila kuacha kidonda, ni mba ya kawaida. Mba ikizidi makali huteremka: kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio, hata katikati ya kifua. Hapo madaktari huiita ukurutu wa seborea. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Anachokiona ni mabaka yaliyopauka kuliko ngozi inayoyazunguka, hasa kandokando ya nywele. Wengi huyadhania kuwa kitu kingine kabisa na kuyapaka dawa isiyohusika.

Unga mkavu, mwembamba, na ngozi inayobana mara tu baada ya kuosha, ni ukavu tu. Huu huzidi wakati wa baridi, au kwa anayetumia sabuni kali kila siku. Kipimo rahisi: sugua unga huo kati ya vidole viwili. Wa mba huteleza kidogo na kushikamana, wa ukavu husagika.

Magamba manene ya rangi ya fedha, yenye mpaka unaoonekana wazi na yanayovuka mstari wa nywele kuingia kwenye paji la uso au shingo, yakufanye uangalie viwiko, magoti na kucha. Kama huko nako kuna magamba, au kucha zina vitobo vidogo kama vya sindano, huenda ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu usioambukiza, na huo una matibabu yake.

Duara lenye magamba ambamo nywele zimekatika karibu na ngozi zikaacha vidoti vyeusi, hasa kwa mtoto, ni mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtoto wa shule mwenye magamba sehemu moja ya kichwa na tezi zilizovimba nyuma ya shingo asipewe shampuu ya mba peke yake. Tutarudi kwake.

Vipunje vyeupe vilivyoshika unywele wenyewe, ambavyo ukivivuta kwa kucha havitelezi, ni mayai ya chawa. Gamba la mba huteleza na kudondoka likiguswa.

Kuwashwa kulikoanza siku moja hadi tatu baada ya kupaka rangi, gundi ya wigi au mafuta mapya, pamoja na vilengelenge au uvimbe masikioni na kwenye kope, ni mzio. Rangi nyeusi ya nywele ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwa sababu nyingi zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Aliyepata mzio wa kemikali hii hasubiri upite ili ajaribu tena. Mara ya pili huwa kali zaidi.

Na mwisho, sehemu ambayo ngozi inang'aa, nyororo, na hata ukiisogelea kwa kioo cha kukuzia huoni vitundu vya nywele. Hilo ni kovu, na kwa kovu siku zina thamani. Ruka hatua zote za hapa chini uende kwa daktari wa ngozi wiki hii.

Hatua ya pili: je, nywele zinanyonyoka au zinakatika?

Haya ni mambo mawili tofauti, na dawa ya moja haisaidii lingine. Tandaza kitambaa cheusi au karatasi nyeupe, kulingana na rangi ya nywele zako, chana nywele taratibu, kisha okota zilizodondoka. Tazama ncha zote mbili. Unywele ulionyonyoka kutoka mzizini una kinundu cheupe mwisho, kidogo kuliko kichwa cha pini. Watu wakikiona hushtuka wakidhani mzizi umekufa. La. Kinundu hicho ni alama kwamba unywele umemaliza muda wake ukatoka, na kitundu kimebaki ndani kikiandaa mwingine. Unywele usio na kinundu, mfupi, wenye ncha iliyochanika, umekatika. Shida ya huo ni kemikali, joto, ukavu au mkono wa msusi.

Baada ya hapo fanya jaribio la kuvuta. Shika nywele kama 50 au 60, karibu na ngozi, kwa kidole gumba na vidole viwili, uzivute polepole hadi ncha. Rudia sehemu nne: utosini, kisogoni, na panja zote mbili. Zikitoka moja au mbili, sawa. Zikitoka sita au zaidi katika shungi moja, zikiwa na vinundu, kuna unyonyokaji usio wa kawaida. Usifanye jaribio hili siku uliyoosha nywele, kwa sababu zilizokuwa zimekwisha achia zitakuwa zimeondoka na maji na utapata jibu la uongo.

Kabla ya kuogopa, kumbuka hesabu ya kawaida. Kichwa kina nywele zipatazo 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku hakuna ubaya. Anayeosha mara moja kwa wiki, au aliyefumua misuko ya mwezi mzima, huona zote kwa mpigo, furushi zima mkononi, ambalo ni mrundikano wa siku nyingi.

Je, mba yenyewe huleta upara? Haiui vitundu. Lakini kujikuna hukata nywele, na ngozi iliyovimba kwa muda mrefu huachia nywele kabla ya wakati. Kuwashwa kukitulia, hizi hurudi. Zisiporudi, basi mba na upungufu wa nywele ni matatizo mawili yaliyokutana kwenye kichwa kimoja, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya tatu: kuosha kwa dawa

Mba huhusishwa na fangasi wadogo jamii ya hamira waitwao Malassezia. Wanaishi kwenye kichwa cha kila mtu, hata kisicho na mba. Hawawezi kujitengenezea asidi za mafuta, kwa hiyo hula zile za ngozi; wakila huacha mabaki yanayouchokoza mwili wa anayeathirika kirahisi, na ngozi yake hujibu kwa kuzalisha seli haraka na kuzibwaga zikiwa zimeshikana. Seli zilizoshikana ndizo magamba. Kwa hiyo lengo ni kuwapunguza fangasi na kuwaweka chini. Kuwamaliza haiwezekani, na hapa ndipo ahadi ya "kutibu mba moja kwa moja" inapoanguka.

Soma kiambato kwenye chupa, si maneno makubwa ya mbele. Vinavyofanya kazi ni ketokonazoli asilimia 1 au 2, seleniamu salfaidi asilimia 1 au 2.5, zinki pirithioni asilimia 1, na siklopiroksi. Asidi ya salisiliki asilimia 2 hadi 3 huyeyusha magamba lakini haiwagusi fangasi sana, ni msaidizi. Lami ya makaa ya mawe hupunguza kasi ya ngozi kuzaliana, ila inanuka, inachafua mito, na inaifanya ngozi iungue jua kirahisi. Kwa anayeanza, ketokonazoli asilimia 2 ndiyo tunayoipendelea, kwa sababu hubaki kwenye ngozi hata baada ya kusuuza na hukuruhusu kuosha mara chache.

Utaratibu wa siku ya kuosha ni huu:

1. Kama magamba ni manene, usiku wa kuamkia siku hiyo yalainishe kwa mafuta ya madini, yale mepesi yasiyo na rangi wanayopakwa watoto. Usiyabandue kwa kucha wala chanuo. Kila gamba linalobanduliwa kwa nguvu huondoka na nywele na kuacha mlango wa bakteria.

2. Osha kwanza kwa shampuu ya kawaida na maji ya uvuguvugu, usuuze. Mzunguko huu ni wa kuondoa mafuta na vumbi. Ukiuruka, dawa itaishia juu ya tabaka la mafuta bila kufika kwenye ngozi.

3. Tenga nywele kwa mistari. Chukua dawa kiasi cha kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa nywele fupi, au viwili kwa nywele nyingi. Ipake kwenye ngozi kati ya mistari. Ncha za nywele haziihitaji. Sugua kwa nyama za vidole dakika moja.

4. Subiri. Ketokonazoli dakika 3 hadi 5, seleniamu dakika 2 hadi 3, nyingine kama chupa inavyosema. Tumia saa. Dakika tatu ukiwa na povu linaloteremka machoni ni ndefu kuliko unavyodhani, na karibu kila mtu huzikatisha. Wakati huo povu lipitishe pia kwenye nyusi, nyuma ya masikio na pembeni mwa pua kama kuna magamba.

5. Suuza mpaka maji yatoke safi kabisa. Mabaki ya dawa nayo huwasha.

6. Paka kondishena kuanzia katikati ya nywele hadi ncha, usiifikishe kwenye ngozi. Kausha kwa taulo bila kusugua, na nywele zikauke vizuri kabla ya kufunga kilemba, kuvaa wigi au kulala. Unyevu uliofungiwa ni starehe ya fangasi.

Ratiba: mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja kila wiki moja au mbili ili isirudi. Wenye nywele za kipilipili au zilizotiwa dawa ya kulainisha wasifuate mara mbili kwa wiki kama msahafu. Nywele hizo hukauka na kukatika upesi, na mara moja kwa wiki huwatosha, ingawa nafuu itachelewa kidogo. Kosa kubwa kwao huwa upande wa pili: kukaa wiki tano bila kuosha kwa kuhofia ukavu.

Aliyesuka na hawezi kufumua aweke shampuu kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, aimimine kwenye mistari, asugue kwa vidole, asubiri, kisha asuuze kwa kukandamiza misuko chini ya maji yanayotiririka. Inasaidia, lakini si sawa na kichwa kilicho wazi. Mwezi wa kwanza wa matibabu ni bora kichwa kiwe bila nywele za bandia.

Tahadhari mbili ndogo. Seleniamu hubadilisha rangi ya nywele zilizopakwa rangi au zilizo nyeupe, na huharibu vito. Vua hereni na pete. Na mtoto mchanga mwenye utando wa manjano kichwani hahitaji dawa yoyote kati ya hizi: mafuta ya madini kidogo, nusu saa, brashi laini, shampuu ya watoto. Utando huo huisha wenyewe ndani ya miezi michache.

Mafuta unayopaka

Ngozi inawasha, mtu anapaka mafuta, anatulia saa mbili, kunaanza tena, anapaka zaidi. Sababu iko wazi ukijua jinsi fangasi hawa wanavyokuzwa maabara: chakula cha kawaida cha fangasi hakiwatoshi, kwa hiyo tangu zamani mafundi wa maabara humimina mafuta ya zeituni juu yake. Mafuta yaleyale ndiyo mtu anayoyasugua kwenye ngozi inayowasha. Mengi ya mimea yana asidi za mafuta za aina wanayoipenda. Mafuta ya madini na vaselini hayawalishi, ingawa yakirundikana hunasa magamba.

Mpaka kuwashwa kuishe, ngozi ibaki bila mafuta. Nywele zenyewe zinaweza kupakwa, matone machache viganjani, kuanzia sentimita 3 au 4 kutoka kwenye ngozi hadi ncha.

Juu ya dawa za nyumbani tutasema kwa ufupi. Maji ya limau yana asidi kali, na ukitoka juani yakiwa kwenye ngozi yanaweza kuacha vilengelenge na madoa meusi ya miezi. Magadi ya kuokea ni ya alkali ilhali ngozi ina asidi kidogo, yanaongeza ukavu. Kitunguu saumu kibichi kikikaa kichwani huunguza ngozi. Siki iliyochanganywa na maji mengi haina madhara makubwa wala faida ya kutegemewa. Mafuta ya mti wa chai ("tea tree oil", si majani ya chai ya kunywa) yamewahi kupimwa dhidi ya mba yakiwa asilimia 5 ndani ya shampuu, na yalionyesha nafuu. Yakipakwa mabichi kutoka kwenye kichupa huleta mzio.

Pale dawa inapokataa

Wiki nne zimepita na unga uko palepale. Kabla ya kubadilisha chupa, jiulize haya kwa mpangilio. Je, dawa ilifika kwenye ngozi au iliishia kwenye nywele? Je, ulisubiri dakika zote? Je, uliacha mafuta? Je, wigi, kofia, foronya na chanuo vimeoshwa? Ukiwa na hakika na yote manne, badilisha kiambato, usibadilishe jina la kampuni tu: kutoka ketokonazoli kwenda seleniamu, au ongeza ya salisiliki siku moja kwa wiki.

Kama bado, rudi kwenye hatua ya kwanza. Yamkini haikuwa mba. Minoksidili ya maji, ambayo wengi hupaka kuotesha nywele, ina kiyeyushi kiitwacho propilini glaikoli kinachoweza kuwasha na kutoa unga unaofanana kabisa na mba. Ile ya povu kwa kawaida haina. Watu huhangaika na shampuu miezi mingi wakati chanzo kiko kwenye dawa yao ya upara.

Kuwashwa kunakokosesha usingizi kunaweza kuhitaji losheni ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, kwa mfano haidrokotisoni asilimia 1 au betamethasoni, usiku mara moja kwa siku 7 hadi 14, kwa maelekezo ya mtoa dawa. Ikipita hapo ngozi huanza kuwa nyembamba. Jihadhari na krimu za kuchanganywa zisizo na orodha ya viambato: nyingi zina steroidi kali, na zikipakwa juu ya mapunye hufuta dalili huku fangasi wakisambaa kimyakimya.

Mba kali iliyoanza ghafla kwa mtu mzima, ikaenea usoni na kifuani na kukaidi dawa, ni sababu tosha ya kupima VVU. Haimaanishi lazima anavyo. Lakini ni moja ya dalili za ngozi zinazojitokeza mapema, na kipimo ni chepesi.

Mapunye ya mtoto

Hapa kosa ni moja na linarudiwa kila mahali: krimu. Fangasi wa mapunye wamo ndani ya unywele na chini kwenye kitundu, ambako krimu haifiki. Duara litafifia, magamba yatapungua, na baada ya wiki tatu yatatokea maduara mawili. Dawa ni ya kumeza. Griseofulvini hutolewa kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa yasiyoenguliwa, kwa sababu bila hayo hainyonywi vizuri. Terbinafini huchukua wiki 4 hivi. Dozi hupangwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo apimwe kwanza. Ikiwezekana mhudumu akwangue magamba na kung'oa nywele chache zikaangaliwe kwa hadubini kabla ya dawa kuanza.

Shampuu ya ketokonazoli au seleniamu hutumika sambamba, mara mbili kwa wiki, ili kupunguza vijimbegu vinavyoambukiza wengine. Kagueni vichwa vya watoto wote wa nyumba siku hiyohiyo. Kofia, vitana na mashine ya kunyolea visishirikishwe. Kumnyoa mtoto si lazima. Akishaanza dawa anaweza kuendelea na shule.

Uvimbe laini wenye usaha kichwani mwa mtoto mwenye mapunye usipasuliwe kama jipu. Ni mwili unaopambana na fangasi. Kisu hapo huongeza kovu, na kovu haliotishi nywele. Apelekwe haraka apewe dawa ya kumeza.

Sasa nywele

Ngozi imetulia. Zilizokatika kwa kujikuna zitaonekana zikichomoza ndani ya wiki chache, na unywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Zisipochomoza, tazama mahali zilipopungua, maana mahali hapo pana habari nyingi kuliko idadi yake.

Zimepungua kichwa kizima kwa usawa? Hesabu nyuma miezi miwili hadi mitatu. Homa kali, kujifungua, upasuaji, kupungua uzito kwa kasi, msiba: jambo kama hilo husukuma nywele nyingi kwa pamoja kwenye hatua ya kupumzika, na hatua hiyo ina urefu wa miezi mitatu hivi. Ndiyo maana huna homa leo, na nywele zinaanguka leo. Kwa kawaida hukoma ndani ya miezi sita bila dawa. Zikiendelea kupita hapo, pima wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na homoni za tezi ya shingo (thairoidi).

Pembeni, kwenye panja na paji la uso, na wewe husuka au huvaa wigi la gundi? Ni mvuto. Mara nyingi mstari wa nywele laini fupi hubaki mbele kabisa, na nyuma yake pako wazi. Sheria ni moja: msuko unaouma umekaza mno. Usimeze dawa ya maumivu ukasubiri uzoee. Ufumuliwe siku hiyo. Vipele vidogo kwenye mizizi baada ya kusuka ni onyo la mwisho. Msuko usizidi wiki 6 hadi 8, misuko mikubwa ni nafuu kuliko midogo, na nywele za kandokando ziachwe nje. Ukiacha mapema zinarudi. Ukisubiri miaka, kitundu hugeuka kovu. Dawa ya kulainisha nayo isiguse ngozi yenye mba au mikwaruzo. Ni alkali kali, na hakuna mafuta ya kinga yanayotosha kuizuia pale ngozi ilipokwisha chubuka.

Utosini, kwa mwanamke, pakianza kupungua kwa duara linalopanuka huku pakiwasha, pakiuma au pakichoma, asisubiri. Kuna ugonjwa wa kovu unaoanzia hapohapo, unaowapata zaidi wanawake weusi, na mara nyingi hutibiwa kama mba kwa miaka kwa sababu mwanzoni dalili yake ni kuwashwa tu. Daktari wa ngozi huchukua kipande kidogo cha ngozi kuthibitisha. Dawa huzuia duara lisipanuke; lililokwisha kuwa kovu halirudi.

Duara laini kama kiganja, lililotokea ndani ya siku chache bila magamba wala kuwashwa, ni kinga ya mwili kushambulia vitundu. Hapa shampuu haina kazi. Mara nyingi daktari huchoma sindano za steroidi kwenye duara lenyewe, na madogo mengi hujiotea yenyewe.

Panja zinazorudi nyuma kwa mwanamume, au mstari wa katikati unaopanuka kwa mwanamke, ni upara wa kurithi. Minoksidili asilimia 5 hufanya kazi kwa wengi: wanaume mililita 1 mara mbili kwa siku, wanawake povu nusu kifuniko mara moja, kwenye ngozi kavu. Nawa mikono baadaye, na kama nyumbani kuna paka asilambe kichwa wala mto wako, kwa kuwa dawa hii ni sumu kwake. Wiki za mwanzo nywele huanguka zaidi. Hapo ndipo wengi huiacha, wakati kinachoanguka ni nywele za zamani zikisukumwa na mpya. Usihukumu kabla ya miezi minne hadi sita; piga picha palepale, kwa mwanga uleule, kila mwezi. Ukiiacha, ulichopata kitapotea ndani ya miezi kadhaa. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie.

Kuhusu vidonge vya nywele na kucha: asiye na upungufu hapati kitu, na vitamini A au seleniamu ikizidi mwilini huangusha nywele zilezile unazozipigania. Biotini, vitamini inayowekwa kwenye vidonge hivi, ina kasoro nyingine isiyotajwa kwenye kopo. Ikiwa nyingi kwenye damu huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya mshtuko wa moyo, majibu yakatoka ya uongo. Kama unaimeza, mwambie mpimaji kabla hajatoa damu, na umuulize uiache siku ngapi kwanza.